Mshale wa joto ukishuka ghafla usifurahi: jinsi injini inavyokufa na namna ya kuiwahi

Tulikuwa tumeipita Migeera, tunaelekea Kafu, kwenye safari ya Kampala kwenda Arua. Shemeji alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni yake, dada na watoto nyuma. Mshale wa joto ulikuwa umeanza kupanda. Shemeji akazima eisi, akapunguza mwendo, akasema tujikaze tufike Kafu, pale hatukosi fundi. Mshale ukazidi kupanda, ukakaribia alama nyekundu. Halafu, dakika chache baadaye, ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa.

"Alhamdulillahi, imepoa," akasema, akakanyaga mafuta. Nami nikapumua.

Hatukufika mbali. Injini ikaanza kuvuta kwa shida, kama gari lenye breki zilizoshika, ukasikika mlio wa chuma kinachosuguana na chuma, kisha kimya. Haikuwaka tena. Gari lilirudi Kampala juu ya lori.

Fundi wa Ndeeba, mtaa wa magereji Kampala, aliyelifungua alituonyesha chanzo. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umechanika pale klipu inapobana, ufa wa urefu wa ukucha wa kidole gumba. Mpira wenyewe ungenunuliwa kwa bei ya sahani mbili za wali kwa kuku. Injini haikuuawa na mpira ule. Iliuawa na zile kilomita tulizoendesha baada ya mshale kusema neno lake. Tangu siku hiyo nimekaa na mafundi wengi, na karibu kila injini iliyokufa waliyonionyesha ilikuwa na hadithi ya namna hiyo: hitilafu ndogo, ishara iliyoonekana, kisha safari iliyoendelea.

Kwa nini mshale ulishuka

Kipimo cha joto kwenye dashibodi hakipimi injini. Kinapima maji. Sensa yake imepachikwa ndani ya njia ya maji, na maji yakiwapo inasema kweli. Yakivuja yote, inabaki imezungukwa na hewa, na hewa haibebi joto kama maji yanavyolibeba. Hapo sensa inaripoti ubaridi wakati chuma kilicho pembeni yake kinaungua. Kwa hiyo mshale uliopanda sana kisha ukaanguka ghafla, bila wewe kusimama wala kuongeza maji, ndiyo habari mbaya kuliko zote. Maana yake hakuna tena cha kupima.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani hatuambiwi. Mshale wa magari mengi ya miaka hii umetengenezwa utulie katikati hata joto la maji likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike na kila kilima. Ukiuona umetoka katikati, hata kwa upana wa kidole, ujue joto limeshapita mbali. Magari madogo kama Passo na Vitz nyingi hayana mshale kabisa: taa ya buluu injini ikiwa baridi, taa nyekundu ikichemka. Kati ya hizo mbili huambiwi kitu.

Sikio la ziada lipo, nalo ni hita. Hita ya gari hupata joto lake kutoka kwenye maji yaleyale ya injini. Ukiiwasha kwenye joto la mwisho na injini ikiwa imeshapata moto, lakini upepo unaokuja ni baridi, maji yamepungua au kuna hewa imenasa humo ndani. Ni kipimo cha nusu dakika na hakihitaji fundi. Hapa Uganda watu hawaigusi hita mwaka mzima, labda watu wa Kabale asubuhi, kwa hiyo kipimo hiki kinakaa bure kwenye kila gari.

Kabale yenyewe inatufundisha kitu. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa kando ya bahari. Kampala, iliyo mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 96 hivi, na kwenye milima ya Kabale, karibu mita 2,000, yanachemka kwenye 93 hivi. Injini nayo, ikifanya kazi kwa afya njema, inapenda maji yake yawe kati ya 80 na 95. Umeona tatizo lilipo. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Spring yake inazuia mgandamizo usitoke, na huo mgandamizo unasukuma kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi 20 na zaidi. Raba ya mfuniko ikikauka na kupasuka, gari linaloenda vizuri kwenye foleni ya Wandegeya litachemsha kwenye kilima cha kwanza, na utabadilisha feni, pampu ya maji na kila kitu kabla hujafikiria kile kifuniko kidogo.

Wengi pia wanadhani kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni kwa nchi zenye theluji. Kazi yake kwetu ni nyingine: inapandisha kiwango cha kuchemka na, zaidi ya hapo, inazuia kutu. Maji matupu ya bomba, au yale ya mtaroni ambayo makondakta huchota kwa chupa, yanakula alumini na kuziba mirija ya rejeta polepole, mwaka hadi mwaka. Ukifungua mfuniko injini ikiwa baridi ukakuta maji ya rangi ya chai, kazi hiyo imeshaanza.

Halafu kuna desturi ya kung'oa thamostati, ile valvu ndogo inayoamua maji yaende kwenye rejeta au la. Gari limechemsha, fundi anaitoa, anaitupa, anasema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Mimi nasema wazi kwamba hii ni desturi mbaya. Thamostati hujifunga ili injini ipate joto haraka na hufunguka karibu na nyuzi 82 ili maji yaende kwenye rejeta. Bila hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakunywa petroli nyingi, oili inachafuka mapema. Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi thamostati ina kisahani cha pili ambacho, inapofunguka, kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye barabara tambarare hutaona kitu. Kwenye kupanda na mzigo, gari linachemsha, na chanzo ni ile dawa uliyopewa.

Joto likizidi, cha kwanza kuumia ni hedi, sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Hedi za siku hizi ni za alumini, na bloku nyingi, yaani mwili wa injini wenye silinda, hasa za dizeli, bado ni za chuma cha kusubu. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho kwa joto lilelile. Vitu viwili vimefungwa pamoja kwa bolti, kimoja kinataka kukua, kingine kinakataa: hedi inapinda. Kupinda kunakotosha kuharibu kazi hakuonekani kwa macho. Kikomo cha hedi nyingi za Toyota ni 0.05 ya milimita, chembamba kuliko unywele. Gasketi, kile kizibo chembamba kilicho kati ya hedi na bloku, inapoteza mbano, na moto wa kwenye silinda unapata tundu la kuingilia kwenye maji.

Gasketi haifi siku moja, na hapo ndipo nafasi yako ilipo. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, washa gari na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama mpira wa miguu uliojazwa ndani ya dakika ya kwanza, kabla maji hayajapata joto, mgandamizo huo hautokani na joto. Ni gesi ya kwenye silinda. Dalili nyingine ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, maji yanayopungua kila wiki bila tone chini ya gari, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usioisha hata injini ikiwa ya moto, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti. Fundi mwenye dawa ya kupima gesi atakuhakikishia: dawa ya buluu hubadilika rangi kuelekea njano ikivuta hewa ya rejeta yenye gesi ya moto. Ukimwahi hapo, unabadilisha gasketi na kusaga hedi. Ukichelewa, hedi inapasuka, na wenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1KZ wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wenye Harrier, Ipsum na Estima zenye injini ya 2AZ, hasa za mwanzoni mwa miaka ya 2000, wana la ziada la kuangalia. Injini hiyo inafahamika kwa nyuzi za bolti za hedi kung'oka ndani ya bloku, upande wa nyuma unaoelekea kwa dereva. Maji yanavuja huko nyuma ambako huoni, yanakauka juu ya chuma cha moto, na sakafu inabaki kavu. Ukiwa unaongeza maji na huoni yanakokwenda, mwambie fundi amulike tochi nyuma ya injini, atafute alama za maji yaliyokauka.

Na kama limeshachemsha barabarani? Toka barabarani kwanza, kisha uzime. Kama kituo salama kiko mbele kidogo tu, zima eisi na ufungulie hita mpaka mwisho. Utatokwa jasho, lakini inavuta joto kutoka kwenye injini. Usifungue mfuniko. Yale maji yamezidi nyuzi 100 na mfuniko ndio unaoyashika. Ukiulegeza yanalipuka usoni kama mvuke. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa rejeta ushikike kwa mkono na uwe laini. Ndipo uongeze maji taratibu, injini ikiwa imewashwa. Maji baridi yakimwagwa ghafla ndani ya injini ya moto yanaweza kuipasua hedi ambayo pengine ilikuwa bado nzima.

Oili: taa inayochelewa

Joto hukupa dakika. Oili hukupa sekunde.

Siku tuliyokwenda kuchukua majibu ya injini ya shemeji, fundi alikuwa na nyingine mezani, ya taksi ya abiria 14. Akaniwekea kiganjani vipande viwili vya beringi ya konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki), kila kimoja kama nusu ya bomba dogo lililopasuliwa kwa urefu. Cha kwanza kilikuwa cha kijivu, laini, hata ukucha haukwami. Cha pili kilikuwa na ukanda mwekundu katikati, rangi ya sarafu ya zamani, na kingo zake zimekwaruzika. Kijivu ni tabaka la juu, jembamba mno. Mwekundu ni shaba iliyo chini yake.

"Hii shaba ukiiona, mzee," akaniambia, "ujue gari lilikuwa linaongea siku nyingi na hakuna aliyeitika."

Kati ya beringi ile na krenki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, kuna nafasi ya sehemu kama 0.04 ya milimita, na nafasi hiyo imejaa oili. Krenki haiikalii beringi, inaelea juu ya oili inayosukumwa na pampu. Kwa mwendo wa kawaida wa safari, krenki inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde. Oili ikikatika, chuma kinagusa chuma mara 50 kila sekunde. Ndiyo maana mtu anayesema "taa iliwaka lakini nilikuwa karibu na nyumbani" huwa anaifikisha nyumbani maiti.

Ile taa nyekundu yenye umbo la birika haisemi kwamba oili imepungua. Inasema oili haifiki. Swichi yake huwaka mgandamizo ukishuka chini ya nusu ya baa hivi, na tairi ya gari lako ina zaidi ya baa 2. Oili inaweza kupungua kwa lita nzima na nusu, taa isiwake hata mara moja, mpaka siku unapokata kona kali na pampu ikavuta hewa. Kwa hiyo taa hiyo ikiwaka ukiwa mwendoni, weka gia huru, jisogeze pembeni, zima injini hapohapo ukishasimama. Usizime gari likiwa linatembea, kwa sababu usukani na breki vitakuwa vizito. Pima oili. Ikiwa imepungua, ongeza, na taa ikizimika mara moja ulipowasha, tafuta ilikokwenda. Ikiwa imejaa na taa bado inawaka, usiendeshe: pengine chujio la pampu limezibwa na matope ya oili ya zamani, pengine ni swichi tu. Fundi mzuri atatoa swichi na kufunga geji ya kupima mgandamizo wenyewe. Anayekimbilia kuchomoa waya ili taa izimike, mnyang'anye funguo.

Kijiti cha oili ndicho rafiki wa kweli, na kipimo chake ni rahisi: gari kwenye tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa, futa, ingiza, toa, soma. Vitabu vingi vya Toyota hutaja lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndio mwisho wa ulaji wa oili unaovumilika. Fikiria hesabu hiyo kwa injini inayobeba lita 4 na mwenye gari anayesubiri kilomita 5,000 za sevisi. Atafika huko na nini? Injini za Toyota za 1ZZ za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa ulaji huo, na wengi walioziua hawakufanya kosa jingine isipokuwa kusubiri tarehe ya sevisi bila kufungua boneti.

Ukimwaga oili, usiiache iende hivihivi. Imimine kwenye beseni safi juani na uitikise. Kama kuna vumbi linalometa kama rangi ya kucha, chuma kinalika. Pitisha sumaku: kinachonasa kinatoka kwenye vyuma vigumu kama cheni na kemu, kinachong'aa lakini hakinasi kinaelekea kutoka kwenye beringi. Hicho cha pili ndicho cha kuogopa, kwa sababu mara nyingi kinaonekana kabla mlio haujasikika.

Mlio wenyewe una lugha zake. Tiki-tiki nyepesi ya juu, inayopungua injini ikipata joto, mara nyingi ni valvu au ekzosi inayovuja. Ngo-ngo-ngo nzito kutoka chini, inayojitokeza unapoachia mafuta baada ya kuyakanyaga, ni ya konrodi. Fundi huweka bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini sikioni, kisha anakata umeme wa silinda moja baada ya nyingine. Akifika kwenye ile mbovu, mlio unafifia, kwa sababu konrodi hiyo haisukumwi tena kwa nguvu. Ukiipata katika hatua hiyo na krenki haijakwaruzika, beringi mpya zinaweza kutosha. Ukiendelea, konrodi inatoboa bloku.

Mengine kwa kifupi. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta yamezidi. Taa ya njano ya injini ikiwaka tuli, una muda wa kumtafuta fundi mwenye mashine ya kusoma. Ikipepesa, punguza mwendo usimame. Taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu kwa kufuata krenki, hubadilishwa kila kilomita 100,000 kwa magari mengi ya Kijapani, na haitoi mlio wowote kabla ya kukatika. Dizeli nyingi za Toyota zina taa ya belti inayowaka kwa kuhesabu kilomita tu, haijui belti ikoje. Kwa kuwa kilomita za magari ya kuagizwa hurudishwa nyuma mara nyingi, badilisha belti siku unapolinunua na uandike tarehe chini ya boneti.

Tukiwa kwenye kununua: bondi za magari Kampala, yaani yadi za kuuzia magari yaliyoagizwa, zimejaa magari yaliyooshwa mpaka injini. Fika mapema na uombe usiwashiwe gari kabla hujafika. Gusa injini, ikiwa ya moto, waliiwasha ili kuficha mlio wa asubuhi. Chomoa kijiti. Oili nzito kupita kawaida, inayodondoka kama asali kwenye injini ndogo iliyopaswa kutumia oili nyepesi ya 5W-30, hutumika kuziba mlio wa beringi na moshi kwa wiki chache, kisha ni juu yako.

Shemeji alipata injini nyingine kwenye soko la Kisekka. Aliileta Ndeeba kwa furaha, akataka ifungwe siku ileile. Fundi akakataa kuigusa kabla hajaitoa rejeta.

"Rejeta yangu haivuji, fundi," shemeji akasema. "Ni mpira tu uliochanika."

Fundi hakujibu. Aliisimamisha rejeta juu ya matofali mawili, akamimina ndoo ya maji kwa juu, akasogea pembeni tuone. Kwenye rejeta nzima maji yanapaswa kushuka kwa nguvu ileile yanayomiminwa. Yale yalijaa mpaka mdomoni, yakamwagika pembeni, na chini ukatoka mchirizi mwembamba wa kahawia, kama mtu aliyebana mpira wa bustani kwa kidole. Shemeji akautazama kwa muda, akachukua kofia yake, akarudi Kisekka kutafuta rejeta.